Kutoka Avery Island hadi Denver: kuifuata albamu ya pili ya Neutral Milk Hotel

Ijumaa. Houston hadi Avery Island

Tumetoka Houston alfajiri kabla foleni ya I-10 haijaanza kufunga. Tuko wawili, mimi na mpwa wangu, kijana anayepiga besi kanisani na ambaye ndiye aliyenisikilizisha albamu hii kwa mara ya kwanza. Yeye anataka kuona Athens ya Georgia, mimi nataka kufika Denver. Tumekubaliana kuvifuata vyote, na kuanzia mahali ambapo jina la albamu yao ya kwanza lilitoka.

Kwa asiyewajua: Neutral Milk Hotel ni bendi ya roki ya Marekani iliyotoa albamu mbili tu. Ya kwanza, *On Avery Island*, ilitoka Machi 1996. Ya pili, *In the Aeroplane Over the Sea*, ilitoka tarehe 10 Februari 1998. Zote mbili zilitolewa na Merge, lebo ndogo ya North Carolina iliyoanzishwa mwaka 1989 na wanamuziki wawili, Mac McCaughan na Laura Ballance. Baada ya hapo hakuna albamu ya tatu mpaka leo. Hiyo ya pili, ya nyimbo 11 na kama dakika 40, ndiyo iliyotutoa nyumbani.

Tumevuka Beaumont, tukavuka Lake Charles, na mchana tumefika Avery Island, kusini ya New Iberia. Kisiwa chenyewe hakiko baharini. Ni kilima cha chumvi kilichosukumwa juu kutoka chini sana ardhini, kimezungukwa na vinamasi na mito isiyokwenda kokote kwa haraka. Hapa ndipo familia ya McIlhenny inapotengeneza pilipili ya Tabasco tangu 1868. Rojo la pilipili hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni, juu ya kifuniko wanamwaga chumvi mpaka inakuwa ukoko mgumu, kisha linaachwa hadi miaka mitatu. Ukiingia kwenye ghala la mapipa pua inawasha hata kabla macho hayajazoea giza. Mpwa wangu amekohoa mpaka akatoka nje.

Kuna bustani kubwa pembeni, na ndani yake bwawa ambalo yangeyange hutaga mayai kwa maelfu. Mwishoni mwa karne ya 19 ndege hawa walikaribia kuisha kwa sababu manyoya yao yalitakiwa kwenye kofia za wanawake. Mmoja wa wana McIlhenny akakamata makinda machache, akayalea, akayaachia, nao wakarudi na wenzao mwaka baada ya mwaka. Nimesimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kelele zao ni kubwa, na si nzuri hata kidogo, lakini ukizisikiliza vizuri kila mmoja anaita kiota chake.

Albamu yenye jina la mahali hapa ilikuwa karibu kazi ya mtu mmoja, Jeff Mangum, na rafiki yake Robert Schneider aliyeketi kwenye mashine za kurekodi. Iliuza nakala kama 5,000. Kwa lebo ya ukubwa ule hazikuwa haba. Ndiyo maana, ilipokuja ya pili, hakuna aliyewasimamia vichwani akiwauliza mafanikio yataendelea vipi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu naamini ndilo lililoizaa albamu ile: walikuwa na muda, walikuwa na marafiki, na hawakuwa na mtu wa kumwogopa.

Jumamosi. Hadi Ruston

Barabara ya kaskazini: Lafayette, Alexandria, kisha US-167 katikati ya misonobari. Hakuna cha kusimulia njiani isipokuwa joto.

Ruston ni mji mdogo wa reli na chuo kikuu, Louisiana Tech. Treni za mizigo bado zinapita katikati ya mji na kusimamisha magari. Hapa walikua watoto wanne waliokuwa marafiki tangu shuleni: Jeff Mangum, Robert Schneider, Will Cullen Hart na Bill Doss. Chuo kina kituo cha redio cha wanafunzi, KLPI, na vijana hawa walijaa pale, wakisikiliza santuri ambazo hakuna duka la mji lililoziuza. Nyumbani walirekodi kwa mashine za kanda zenye njia nne za sauti, wakapeana kaseti. Kaseti ya mmoja ilikuwa jibu la kaseti ya mwenzake.

Walipotawanyika, Schneider alikwenda Colorado kusoma na wengine wakaishia Athens, lakini kaseti ziliendelea kusafiri kwa posta. Wakajiita Elephant 6. Haikuwa kampuni hasa. Ilikuwa nembo, iliyochorwa na Hart, ambayo rafiki yeyote wa kundi angeweza kuibandika kwenye kazi yake ili watu wajue ametoka wapi. Kutoka kwenye kundi hilo zilitoka bendi kadhaa: The Apples in Stereo ya Schneider, The Olivia Tremor Control ya Hart na Doss, na hii ya Mangum. Doss alifariki mwaka 2012, Hart mwaka 2024.

Tumenunua mapichi kando ya barabara, msimu wake ndiyo umeanza. Mwenye kibanda ametuuliza tumetoka wapi, mpwa wangu akamwambia Tanga kupitia Houston. Tulipotaja bendi, akasema binti yake anayo santuri ile yenye mwanamke asiye na uso. Hakujua kwamba mwimbaji wake alikulia mjini hapo hapo. Nimefurahi sana kuwa wa kumwambia, na yeye alifurahi zaidi, akatuongezea mapichi mawili.

Jioni nimemwuliza mpwa wangu kwa nini anadhani mji kama huu ulitoa watu wanne wa aina hiyo kwa mkupuo mmoja. Akasema: "Mjomba, kama hakuna wa kumwiga, unabaki unamwiga rafiki yako." Nimeliandika hilo hapa ili nisilisahau.

Jumapili. Ruston hadi Clarkston

Siku ya barabara. I-20 yote: Monroe, daraja la Mississippi pale Vicksburg, Jackson, Meridian, Birmingham, mpaka mashariki ya Atlanta. Tumepokezana usukani. Kabla ya kuondoka tulikubaliana kuisikiliza albamu yote bila kuongea, jambo ambalo kwa mpwa wangu si dogo.

Inaanza na gitaa la kawaida, lile lisilo la umeme, na sauti ya mwanamume anayeimba juu kuliko koo lake linavyopenda. Halafu polepole vitu vinaongezeka. Kodiani. Tarumbeta. Kitu kinacholia kama mwanamke anayeimba bila maneno mbali sana: huo ni msumeno, msumeno wa kukatia mbao, unaopigwa na Julian Koster. Anaushika mpini kati ya magoti, anaupinda kwa mkono wa kushoto mpaka chuma kichukue umbo la S, kisha anaukwaruza upande usio na meno kwa upinde wa fidla. Noti haipo mahali pamoja. Anaihamisha kwa kupinda zaidi au kulegeza. Akikosea kidogo inateleza, na yeye huiacha iteleze. Mpwa wangu amerudia kipande hicho kabla ya Vicksburg, tukavuka mto mkubwa kuliko yote ya nchi hii huku msumeno ukilia.

Kisha zinapanda tarumbeta. Mimi nimekulia Tanga, na harusi ya mtaani kwetu haikuwa harusi bila matarumbeta kutangulia mbele ya bibi harusi, nusu yao wakipiga sawa na nusu wakipiga kwa nguvu tu. Tarumbeta za Scott Spillane zina ule ule uchangamfu wa kuja barabarani kukufuata. Sijui namna nyingine ya kueleza kwa nini muziki wa vijana wa Louisiana ulinikamata siku ile ile niliyousikia.

Bendi yenyewe ilipatikana kwa namna ya ajabu. Baada ya albamu ya kwanza Mangum alihitaji watu wa kusafiri nao. Spillane alimkuta Austin, akitengeneza piza. Jeremy Barnes, kijana wa Albuquerque, aliacha masomo Chicago ili aje kupiga ngoma. Koster alikuwa New York, na nyumbani kwa bibi yake ndiko walikofanyia mazoezi. Bibi wa watu, na wajukuu wanne wenye ngoma na tarumbeta sebuleni! Walipotoka kule hawakuwa tena mtu mmoja na mashine.

Lipo jambo la pili lililoitengeneza albamu, na hili ni zito. Mangum alisoma shajara ya Anne Frank karibu na wakati albamu ya kwanza inatoka. Alikuwa mtu mzima, hajawahi kuisoma shuleni, na amesimulia kwamba alilia siku kadhaa. Anne alizaliwa Frankfurt mwaka 1929, alijificha na familia yake Amsterdam kuanzia 1942 mpaka walipokamatwa 1944, akafa katika kambi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa 1945, akiwa na miaka 15. Mangum hakuandika historia yake. Aliandika kama mtu anayeota kwamba angeweza kurudi nyuma akamwokoe, na anapoamka hawezi. Sura ya binti huyo inaingia na kutoka kwenye mashairi, pamoja na mvulana mwenye vichwa viwili ndani ya chupa, baba na mama wanaogombana, vidole, theluji, mabawa. Kuna wanaoona haya mbele ya maneno hayo. Mimi nasikia mtu anayeomboleza mgeni kwa uchungu wote ambao watu huuweka kwa ndugu wa damu, na sioni aibu yoyote kulia naye.

Wimbo wenye kasi kuliko yote umebeba jina la nchi na mwaka, "Holland, 1945". Mangum hakuwa ameamua auite kwa nchi au kwa mwaka; msanifu wa jalada, Chris Bilheimer, akamwambia aweke vyote viwili.

Tumefika Clarkston usiku, saa moja imepotea njiani kwa kubadilika majira.

Jumatatu. Clarkston

Clarkston ni mji mdogo kando ya Atlanta, na kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka kila pembe. Dukani unasikia Kiswahili kabla hujafika kwenye mchele. Tumelala kwa mzee mmoja wa Uvira, Kongo, rafiki wa zamani wa familia. Mkewe ametuandalia bugali na sombe na samaki, na hakuna aliyekubali kusikia kwamba tumeshiba.

Mzee alipiga gitaa kwaya ya kanisa huko Uvira na anaendelea hapa. Baada ya chakula ametaka kusikia kitu kilichowafanya watu wazima kuendesha gari siku nzima. Mpwa wangu ameunganisha simu na spika. Mzee amesikiliza amefumba macho. Ulipofika wimbo wa pili, ambapo Mangum anaita jina la Yesu kwa sauti yote, akafungua macho.

"Huyu ni mukristo?"

Nikamweleza. Katika karatasi ya mashairi iliyokuja na albamu, Mangum aliandika kwamba anamaanisha anachokiimba, lakini kwamba wazo la umilele kwenye albamu halikujengwa juu ya dini yoyote. Ni imani yake kuwa kila kitu kina mwanga mweupe ndani. Mwaka 1998 mashabiki wengi wa roki ya aina hii walishtuka kumsikia mtu akimwita Yesu bila dhihaka. Walingoja utani. Haukuja.

Mzee akatikisa kichwa, akasema: "Anaimba na nguvu yote. Haogope sauti kuvunjika. Wengi wanaogopa." Kisha akachukua gitaa lake na kumwonyesha mpwa wangu kwamba wimbo ule una kodi chache tu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, na kwamba hata yeye angeweza kuutumia Jumapili kwa maneno mengine. Mama akamwambia asithubutu.

Hayo ndiyo mapokezi niliyoyapenda kuliko yote niliyoyasoma magazetini.

Jumanne. Athens

Kutoka Clarkston ni mwendo wa saa moja na kidogo. Athens ni mji wa chuo kikuu uliozoea bendi: R.E.M. wametoka hapa, The B-52's wametoka hapa. Tumepita 40 Watt Club kwenye Washington Street, tukaingia Wuxtry, duka la santuri ambalo Peter Buck wa R.E.M. aliwahi kufanya kazi.

Wengi wa kundi la Elephant 6 walihamia mji huu kidogo kidogo. Mangum na wenzake walipanga nyumba Grady Avenue, kodi ikiwa ndogo, milango ikiwa wazi. Tumepita mtaa ule kwa miguu bila kusimama mbele ya nyumba ya mtu. Miti mikubwa, vibaraza vya mbao, baiskeli. Hapa ndipo nyimbo nyingi za albamu ya pili zilipokomaa, na watu waliozisikia kwanza walikuwa majirani na wapangaji wenzake, kupitia ukutani.

Machi 1997, kabla ya kwenda kurekodi, Mangum alizipiga baadhi peke yake katika mkahawa wa hapa, Jittery Joe's. Onyesho hilo lilirekodiwa na kutolewa mwaka 2001. Kuna mtoto mchanga analia katikati ya hadhira, na Mangum anaendelea kuimba. Naipenda rekodi hiyo kwa sababu inaonyesha nyimbo zikiwa tayari zimekamilika kabla ya tarumbeta hata moja. Anayedhani studio ndiyo iliyozifanya kubwa aisikilize.

Jalada lilitengenezwa mjini hapa pia. Bilheimer, aliyekuwa msanifu wa R.E.M., alichukua picha ya posta ya zamani ya Ulaya yenye watu wanaooga ufukweni, na mwanamke mmoja akawekewa kigozi cha ngoma badala ya uso. Nimeishika nakala ya santuri dukani: karatasi imechakazwa kwa makusudi ionekane kama bango lililookotwa.

Sasa mapokezi yenyewe. Merge walichapa CD 5,500 na santuri 1,600, wakitegemea iende kama ile ya kwanza. Wahakiki walipendezwa, wengine sana, wengine kwa kiasi. *Rolling Stone* waliipa nyota tatu. Pitchfork, jarida lililokuwa bado changa, liliipa 8.7 kati ya 10. Bendi ilizunguka mwaka mzima, Marekani na Ulaya, watu wakaanza kujaa, maswali ya waandishi yakaanza kujaa pia: huyu binti ni nani, hiki kichwa cha pili ni nini, unaamini nini. Oktoba 1998 wakapiga London. Halafu Mangum akaacha. Hakukuwa na tangazo wala ugomvi. Wenzake wakaenda kwenye kazi zao, Barnes akaunda A Hawk and a Hacksaw, Koster akarudi kwenye The Music Tapes, Spillane kwenye The Gerbils.

Na hapo, wakati hakuna bendi, albamu ikaanza kutembea. Mtu mmoja alimrekodia mwenzake. Wanafunzi walioingia chuo mwaka 2002 waliikuta kwa waliowatangulia. Mwaka 2005 ilipotolewa upya Uingereza, Pitchfork waliirudia na kuipa 10 kamili. Mwaka 2008, miaka kumi baada ya kutoka, ilikuwa kati ya santuri kumi zilizouzwa kuliko zote Marekani. Kijana wa Wuxtry aliyetuhudumia hakuwa amezaliwa ilipotoka. Ametuambia kila Agosti, wanafunzi wapya wanapofika, lazima aagize nyingine.

Nimeuliza kama watu bado huja kuulizia Mangum anaishi wapi. Akasema ndiyo, na kwamba hapa mjini hakuna anayewajibu. Nimewaheshimu watu wa Athens kwa hilo.

Jumatano

Atlanta hadi Denver kwa ndege. Gari tumeliacha Clarkston kwa mzee. Mpwa wangu atalifuata. Gitaa limekubaliwa ndani ya ndege.

Alhamisi. Denver

Hii ndiyo siku niliyoisubiri.

Julai 1997 bendi ilihamia Denver, kwa Schneider. Studio yake, Pet Sounds, ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida ya kuishi, vyumba vikifanya kazi ya kurekodia. Walikaa mpaka Septemba.  Hakuna kibao kinachoonyesha lolote na hatukutafuta mlango wa mtu. Tumepanga chumba Capitol Hill, na kazi yetu ilikuwa masikioni.

Kwa miaka nilidhani ngurumo ile iliyojaa kwenye nyimbo za kasi ni gitaa la umeme na kidude cha kukwaruza sauti. Mpwa wangu alinisahihisha zamani, leo amenionyesha. Schneider aliweka kipaza sauti karibu kabisa na gitaa la kawaida, Neumann U 87, kizuri, chenye kusikia kila kitu. Hakutaka mwangwi wa chumba. Kisha aliisukuma sauti ile kupitia kikuza sauti cha mirija ya kioo, ile ya redio za zamani, zaidi ya kipimo chake, akaibana kwa kompresa, kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo, akaipeleka kwenye kanda, nayo kanda akaijaza. Kila hatua ilizidiwa kidogo. Matokeo yake ni gitaa la mbao linalonguruma, lakini bado unasikia kucha ikigusa waya.

Mpwa wangu amefunga mlango, ametandika blanketi dirishani, ameweka maikrofoni upana wa kiganja kutoka kwenye tundu la gitaa. Amepiga kodi zile za mzee. Kwanza kwa kiasi: gitaa zuri, la kawaida. Akazungusha kitufe mpaka taa nyekundu. Kwenye kompyuta sauti ikakatika vibaya, imepasuka.

"Unaona, mjomba? Kompyuta ikizidiwa inakata papo hapo. Mirija na kanda vinazidiwa taratibu, sauti inavimba kwanza ndiyo inapasuka. Wao walifanya kazi kwenye ule uvimbe."

Akaongeza programu inayoiga mirija, akarudisha kipimo chini kidogo, akaifuatisha na kompresa. Ikaja. Haikuwa ile, lakini ilikuwa ndugu yake. Kodi ile ile iliyokuwa ya kuimbia watoto ikawa ukuta. Tumekaa na ukuta huo mpaka jirani wa juu alipogonga sakafu.

Upande wa pili wa kazi ya Schneider ni tarumbeta. Yeye na Spillane walizipanga pamoja, mstari kwa mstari, wakiita marafiki waje wapige: tromboni, sakisafoni, fluglihoni, yufonia. Kuna hata zumari za mfuko za Kiayalandi kwenye kipande kisicho na jina karibu na mwisho. Laura Carter alipiga ala ya plastiki ya Casio yenye umbo la sakisafoni. Schneider hakumkatalia mtu. Alichosimamia ni kwamba kila sauti isikike iko karibu, mbele ya uso wa msikilizaji, hata zikiwa kumi.

Na kuna "Oh Comely", wimbo wa dakika nane. Mangum aliketi na gitaa ili Schneider apime viwango vya sauti. Badala ya kupiga kipande na kuacha, aliendelea, akaimba wote mpaka mwisho bila kosa. Hicho ndicho kilichomo kwenye albamu. Tarumbeta ziliongezwa baadaye. Mwishoni kabisa, ukiwa na spika nzuri, unamsikia Spillane akipaza sauti kwa mshangao kutoka chumba kingine. Hawakuifuta. Tumeusikiliza usiku huu kwa sauti ya chini kwa ajili ya jirani, na tulipofika pale mpwa wangu aliinua kidole kabla ya Spillane.

Schneider, kwa wanaopenda kujua watu waliishia wapi, alirudi shule baadaye akawa mwanahisabati, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Emory mwaka 2018. Simshangai hata kidogo. Aliyeweza kuwapanga marafiki wale wote kwenye kanda chache bila mmoja kumfunika mwenzake ana kichwa cha hesabu.

Ijumaa. Denver, uwanja wa ndege

Asubuhi tumepita Twist & Shout, duka la santuri kwenye Colfax, mpwa wangu amenunua santuri ingawa nyumbani hana mashine ya kuipiga. Anasema atanunua.

Njiani kuja huku tumebishana kuhusu kimya cha Mangum. Bendi ilirudi jukwaani mwaka 2013, wakazunguka hadi 2015, wakiwaomba watu wasipige picha. Walipiga nyimbo zile zile, ukumbi mzima ukiimba kila neno. Mwaka 2023 Merge walitoa kasha la kazi zao zote, na ndani yake hamna albamu mpya. Mpwa wangu anaona ni deni. Anasema mtu aliyepewa uwezo ule hana ruhusa ya kukaa nao, watu wanauhitaji.

Mimi nimemwambia albamu ile ilitoka kwa sababu hakuna aliyekuwa akimdai. Ilitengenezwa na marafiki waliokuwa wakijibizana kwa kaseti tangu Ruston, ikarekodiwa nyumbani, ikachapwa CD 5,500 na santuri 1,600 kwa matumaini ya kwenda kama ile ya kwanza. Siku watu walipoanza kudai, kile kilichoizaa kilikuwa kimeondoka. Anayetaka ya tatu anaomba ya pili tena, na mazingira yake hayapo.

"Basi arudi Ruston," akasema.

"Na Hart na Doss utawatoa wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema bado Schneider yuko, Spillane yuko, Koster yuko na msumeno wake. Nikamwambia wako, na kila mmoja ana kazi yake. Hakukubali. Wametuita kuingia ndani ya ndege na bado ananihesabia waliobaki.